Suti ya Kitani na Vibanio Viwili

Ilongero, Singida
24 Novemba 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Paschal Alute, Tanga.

Shikamoo kaka. Shikamoo nyingine apokee shemeji Eliza, maana najua barua hii atakusomea yeye, kwa kuwa miwani yako ina tabia ya kupotea kila inapohitajika. Natumaini mnaendelea vizuri, nyumba imetulia, na ule mnazi uliokuwa unaegemea bati la jirani mmeshauondoa kabla haujaleta kesi. Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto hulalamika asubuhi, lakini likishapata jua linasahau. Mama Clement anawasalimu sana. Mvua imenyesha mara mbili, mtama tumepanda, alizeti tutangoja hadi baada ya Noeli. Ng'ombe yule mwekundu uliyemsifia amezaa ndama jike, na amekuwa mkali hata kwangu ninayemlisha.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mambo ya kitambaa yanahitaji maelezo marefu, na wewe kwenye simu huwa unasema “nimeelewa, nimeelewa” kabla sijafika katikati. Lipo pia jambo lingine ambalo nimeamriwa niliandike kwa mkono wangu mwenyewe, na aliyeniamuru utamjua mbele. Shemeji, soma taratibu tafadhali, usiruke.

Habari za misa ya kipaimara hapo Tanga zilitufikia kupitia mjukuu wako Benson. Alitusimulia jinsi ulivyozidiwa na joto kanisani ukiwa ndani ya ile suti nyeusi ya sufu, wakakutoa nje, wakakukalisha kwenye ngazi na kukupepea kwa kitabu cha nyimbo. Tulimshukuru Mungu kusikia daktari amesema moyo hauna ugonjwa, ila hautaki tena kupikwa. Lakini uamuzi uliouchukua baada ya hapo ulitunyima raha. Benson alisema umekataa kwenda kanisani siku ya jubilei yenu ya miaka hamsini ya ndoa mwezi Januari, kwamba hutaki kuanguka mbele ya altare ukawa hadithi ya parokia, na kwamba padri aje tu awabariki sebuleni. Nilipompigia shemeji kumuuliza, aliniambia kwa sauti ndogo, “Shemeji, mimi sikufunga ndoa sebuleni.” Maneno hayo yamekaa nami tangu Septemba.

Nilipokupigia wewe ulinijibu kwa mzaha wako wa siku zote. Ulisema suti pekee iliyokufaa maishani ilichukuliwa na upepo wa Ilongero mwaka sabini na tano, na upepo haurudishi nguo za watu. Mimi nilicheka, kama ninavyocheka kila mwaka.

Basi tuanze na swali uliloniuliza. Benson alikuonyesha picha za wanaume waliovaa suti za rangi ya maziwa, akakuambia hizo ni suti za kiangazi, nawe ukataka kujua ni kiangazi kipi. Swali lako lilikuwa zuri kuliko ulivyodhani. Watu wa nchi za mbali wakisema kiangazi wanakusudia miezi yao ya jua kali. Sisi kiangazi ni miezi isiyo na mvua, na ndani yake wamo Juni na Julai, wakati upepo wa huku unapopita kwenye mifupa kama hauoni nyama. Asiyejua tofauti hiyo ataumia.

Aliumia Urbano, jirani yetu mwenye mashine ya kukamua alizeti. Mwaka huu alikuwa na harusi ya mpwa wake kule Ulemo, mwezi wa saba. Naye alikuwa ameona picha kwenye simu ya mtu. Akaja kwangu akitaka suti ya kiangazi kwa sababu, kama alivyosema, harusi iko kiangazi. Nilimweleza kwa utulivu, hata nikamchorea miezi kwenye karatasi. Akaniambia, “Mwalimu, wewe shona, kalenda niachie mimi.” Nikamshonea. Siku ya harusi, tangu asubuhi watu walikuwa wamejikunyata kwenye makoti na masweta, na Urbano akasimama kupokea wageni kwa koti jembamba lisilo na bitana. Alitetemeka mpaka soda ikamwagika kutoka kwenye kikombe. Mshereheshaji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba mzee wetu ameguswa sana na ndoa hii. Shangazi wa bibi harusi akaja na blanketi la kitanda, akamfunika mbele ya wageni wote. Tangu siku hiyo Ilongero nzima inamwita Mzee Kiangazi, naye ananilaumu mimi kwa kutomkataza kwa nguvu.

Lakini Tanga ya Januari si Ulemo ya Julai. Joto lenu lina maji ndani yake, halikauki mwilini. Kwa hiyo wewe unahitaji hasa kile Urbano alichokuwa hakihitaji.

Watu wengi hudhani suti nyepesi ni suti ya kitambaa chembamba. Sivyo. Ninyi wenyewe mlivaa nguo za tetroni miaka ile, nyembamba kama karatasi, na mlirudi nyumbani mmelowa kama mliooga. Jambo la kutazama ni kama kitambaa kinapumua. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi wangu pale chuo cha ufundi wainue kitambaa dirishani: ukiona mwanga unapita katikati ya nyuzi, hewa nayo itapita. Kisha ukikunje kwenye ngumi, uhesabu hadi kumi, ufungue. Kisichoacha mkunjo hata mmoja kina nyuzi za kiwandani nyingi, na hicho kitakufungia joto mwilini. Sufu nyepesi ipo pia, yenye kufumwa wazi, na ni nzuri, lakini kwako neno sufu sasa litamtia shemeji wasiwasi. Pamba ni nzuri na rahisi kupatikana. Kitani ndicho mfalme wa nguo za joto. Kinanyonya jasho, kinakauka upesi, hakigandi mgongoni.

Kitani Singida si rahisi kukipata. Nilikwenda mjini kwa Nasri, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, ambaye babu yake alitoka Pangani, kwa hiyo angalau joto la pwani analijua kwa kusimuliwa. Alinipangia majora ya polista yanayong'aa kama samaki. Nilipomwambia nataka kitani alisikitika kwa ajili yangu. Alisema, “Mwalimu, kitani ni nguo ya watu wasiokaa chini. Polista haikunjamani, haichuji, haina maneno.” Nikamjibu kwamba hata bati halikunjamani, lakini sijaona anayelivaa. Akacheka mpaka mama yake, Bi Radhia, akachungulia kutoka nyuma kuuliza nani ameniuzia nini. Bi Radhia ndiye aliyemwamuru aagize Kariakoo, akisema marehemu mumewe alimwoa akiwa na koti la kitani, na hakuwahi kupendeza namna ile tena mpaka anakufa.

Baada ya wiki mbili Nasri aliniita. Kitambaa kilikuwa na rangi ya mchanga mkavu. Hakikuwa cheupe, na sikutaka cheupe, maana mzee wa miaka sabini na saba akivaa suti nyeupe kanisani ama atadhaniwa bwana harusi wa pili au kiongozi wa kwaya. Kabla ya kulipa niliomba uzi mmoja nikauchoma. Hicho ni kipimo cha zamani na hakidanganyi: uzi wa polista huyeyuka ukawa tone gumu jeusi na kunuka plastiki, uzi wa kitani huungua ukawa majivu laini na kunuka kama karatasi. Nasri alishangaa kuona nimeinamia ule moshi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Harufu ile ninaijua, kaka. Nitakueleza.

Kwa sasa umeshaelewa kwa nini Benson alikupima mwezi uliopita. Nilimfundisha kwa simu, na haikuwa kazi ndogo, kwa sababu mara ya kwanza alinitumia vipimo vya mtu asiye na shingo. Nikamwambia akupime upya, naye akaona ni rahisi zaidi ukiwa umesinzia kwenye kiti. Nilisikia kwamba ulifumbua macho ukakuta futi imelala kifuani, ukamuuliza kama jeneza tayari limeagizwa au bado mnalinganisha mbao. Samahani kwa usumbufu huo. Hatukutaka ujue mapema, kwa sababu ungekataa.

Suti imekwisha. Imo ndani ya kifurushi hiki kilichobeba barua, na naomba usikifungue mpaka shemeji amalize kusoma. Nimeishona mwenyewe kwa cherehani yangu ya miguu, kwa siku kumi na mbili, mchana tu, maana macho hayakubali tena taa. Mabegani sikuweka pedi nene, mabega yako yanatosha. Bitana nimeweka nusu, sehemu ya juu ya mgongo na mikononi, ili koti liteleze unapolivaa, na chini nimeliacha wazi lipumue. Suruali ina marinda mawili mbele na nafasi kwenye paja, kwa sababu nguo ya joto ikibana haina maana yoyote. Tumbo nimelipa haki yake. Mama Clement aliliona pindo la kiunoni akauliza kama nawashonea watu wawili.

Siku ya kuvaa, ndani uvae shati la pamba jeupe. Acha fulana nzito ya ndani, najua unaipenda, lakini itaharibu kazi yote. Viatu vya kahawia vinafaa kuliko vyeusi. Funga kifungo cha juu tu ukiwa umesimama, na ukikaa ukifungue. Usijaze mifukoni simu, rozari, funguo na dawa, mpe Benson akushikie. Na jambo kubwa kuliko yote: suti itakunjamana. Kabla hamjafika kwenye Injili itakuwa na mikunjo kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Usiinyooshe kwa viganja, usione aibu. Kitani hukunjamana kwa sababu kiko hai, kama uso wako na wangu, na anayekijua hakioni kimechafuka. Ningelijua hilo nikiwa na miaka ishirini, barua hii ingeishia hapa.

Sasa nimefika kwenye pasi, na hapa, kaka, kalamu inakuwa nzito. Kitani hupigwa pasi kikiwa na unyevu, kwa upande wa ndani, bila haraka. Hakipigwi kikavu. Hakipigwi na pasi ya mkaa iliyojazwa makaa mpaka mdomoni, kama tulivyokuwa tukipiga kaptula za kaki za shule. Nimewafundisha hayo watoto wa watu kwa miaka thelathini, na kila mwaka, nilipofika kwenye somo hilo, nilikuwa natazama dirishani.

Unaikumbuka Novemba ya mwaka sabini na tano vizuri kuliko mimi. Ulikuwa karani wa reli, ukaja likizo kumuaga mama kabla ya ndoa yako ya Januari, na ukaja na suti uliyoshonewa na fundi wa Kihindi hapo Tanga, ya kitani, rangi ya maziwa yaliyoganda. Hakuna aliyewahi kuona nguo kama ile Ilongero. Wazee waliigusa kwa ncha za vidole. Asubuhi ya Jumanne ulikwenda mjini kuonana na padri, ukamwomba mdogo wetu Magdalena, aliyekuwa na miaka kumi na minne, aianike kwenye kamba itoke harufu ya sanduku. Aliianika, akaibana, akachukua ndoo akaenda kisimani.

Alipoondoka mimi niliichukua. Nilitaka tu kujua mtu anajisikiaje ndani yake. Niliivaa nyuma ya nyumba, nikatembea hatua kama thelathini hadi kwenye yale mawe makubwa, nikakaa juu ya jiwe kama karani wa reli, nikakunja mguu. Nilipoinuka nikaona mikunjo. Kaka, nilidhani nimeiharibu. Sikujua kwamba hiyo ndiyo tabia ya kitani, nilidhani ni kosa langu limejiandika kwenye nguo yako. Nikakimbilia pasi ya mkaa ya mama. Nikaijaza makaa, nikaipuliza, nikaiweka katikati ya mgongo wa koti, likiwa kavu kabisa. Nilisikia ile harufu ya karatasi kabla sijaona kitu. Nilipoinua pasi, alama yake ilikuwa imebaki pale, nzima, ya kahawia, na katikati tundu la upana wa kiganja.

Nilikunja suti yote nikaitia ndani ya kihenge cha nafaka, ambacho wakati ule wa mwaka kilikuwa kitupu. Nilikusudia kukueleza ukirudi jioni. Hilo naomba uniamini. Lakini upepo ulikuwa umeanza, ule wa kabla ya mvua, wenye kubeba vumbi jekundu. Magdalena akarudi na ndoo kichwani, akaona kamba tupu na kibanio kimoja kinaning'inia. Akaitupa ndoo. Akapiga ukunga kwamba upepo umechukua suti ya kaka. Watu wakatoka. Na mimi sikusema chochote. Sikutunga uongo, kaka. Nililetewa uongo uliokwisha shonwa, nikauvaa.

Kijiji chote kiliitafuta siku tatu, kwenye fensi za minyaa, kwenye mashamba, na hata kijiji cha Merya kuna mtu aliyesema ameona kitu cheupe kikipita juu. Watu waliamini upesi kwa sababu upepo wetu huondoa mabati, suruali ni nini kwake? Nami nilitafuta pamoja nao. Wewe ulirudi Tanga ukamwoa shemeji kwa suti nyeusi uliyoazima kwa karani mwenzako, mabega yake yamekuangukia, jasho linang'aa usoni. Picha hiyo iko ukutani kwenu. Kila nikija Tanga nakaa kwenye kiti kinachoipa mgongo.

Suti sikuitupa. Mwaka uliofuata, nilipokuwa nalinda ndege kwenye uwele, niliichukua kwenda nayo shambani nikaanza kuifumua, mshono mmoja mmoja, kwa mwiba na wembe. Nilitaka kuona kama naweza kuitoa sehemu iliyoungua na kuirudishia mpya. Sikuweza, lakini nilipomaliza kuifumua nilikuwa nimeona jinsi kola inavyokaa, jinsi mkono wa koti unavyoingizwa begani kwa hila ndogo ndogo, jinsi fundi yule alivyoficha kila kitu kizuri ndani pasipoonekana. Hapo ndipo nilipoamua kuwa fundi. Wewe huwaambia watu kwamba mdogo wako alizaliwa na kipaji. Kipaji changu kilikuwa ni suti yako, kaka. Upepo ulioichukua ni mimi.

Vipande vyake ninavyo hadi leo kwenye sanduku la bati. Nimeikata suti yako mpya kwa kuvifuata, nikiongeza tu pale miaka ilipoongeza. Ukipindua koti, upande wa ndani juu ya mfuko wa kushoto, utaona kiraka kidogo cha rangi ya maziwa. Kimetoka kwenye ile ya kwanza, sehemu isiyoungua.

Lakini si wewe peke yako niliyekukosea, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba nilikuwa sijui hata ukubwa wa kosa langu. Nilipomaliza kushona niliona siwezi kuituma bila kusema, na siwezi kukuambia wewe kabla ya Magdalena. Wiki iliyopita nikaenda Sepuka kwake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chini ya kamba ya nguo, sare za shule za wajukuu zinakauka juu ya kichwa chake. Wewe na mimi tumemwona akikaa hivyo miaka yote, tukasema Magdalena anapenda jua. Kila nguo ilikuwa na vibanio viwili, na shuka lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani kwenye ncha zote. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamweleza.

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akainuka, akaanza kuanua nguo, moja moja, akizikunja vizuri mno, mpaka kamba ikabaki tupu. Kisha akaniambia, akiwa amenipa mgongo, “Kwa hiyo bahari uliiona wewe.”

Ulikuwa umesahau? Mimi nilikuwa nimesahau. Mama alikuwa ameahidi kumpeleka Tanga kwenye harusi yako, basi hadi Arusha, kisha treni. Alishaazimiwa viatu. Baada ya suti kupotea mama alisema mtoto asiyeweza kulinda nguo kwenye kamba atalinda nini safarini, akaachwa na mbuzi. Mimi nikaenda. Nilikula pilau yako, nikapelekwa kuona bahari na wadogo wa shemeji, nikaingia majini na suruali yangu. Magdalena aliolewa, akazaa, akazika mume, ana miaka sitini na minne, na bahari hajaiona.

Aliniuliza ilikuwaje. Mimi, mtu ninayeeleza kila kitu, nilishindwa. Nilimwambia tu ni kubwa. Akanigeukia, na nikaona machozi, lakini na kicheko kilikuwa kinakuja nyuma yake. Alisema, “Mwalimu mzima! Unafundisha watoto wa watu pasi, na mimi niko hapa miaka hamsini kama askari wa benki. Wakwe zangu wameniita Mama Vibanio tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, na nikaitika!” Kisha akacheka kweli kweli, akanipiga na kaptula ya mjukuu begani, mara mbili, na ya pili iliuma.

Baadaye, tukiwa tunakunywa chai, alitoa hukumu yake. Niandike yote kwa mkono wangu, nisimtume Benson wala simu. Nimsomee kabla ya kufunga. Na kwenye jubilei yenu twende wote, yeye akae dirishani kwenye basi njia nzima, kutoka Singida mpaka Tanga, na mimi nikae upande wa jua. Nimekubali yote. Amekuja hapa Ilongero tangu Ijumaa, na ninapoandika maneno haya anachambua mboga na Mama Clement, nasikia wananicheka.

Kaka, sikuombi uniambie kwamba si kitu. Ilikuwa suti yako ya ndoa. Naomba tu uivae hii, usimame pale mbele ya altare na shemeji Eliza, ukiwa mkavu vya kutosha kusema maneno yenu kwa raha, na mimi safari hii nikae kwenye benchi nikikutazama bila kuficha macho. Kama utakuwa na hasira, kaa nazo mpaka tufike, unigombeze ana kwa ana. Nitasikiliza hadi mwisho. Mzaha wa upepo nakuachia, ni mali yako, ila sasa utanijua kila ninapocheka.

Wasalimie watoto, Benson na wenzake, na majirani wote wanaotujua. Mama Clement anawatumia karanga, ziko kwenye mfuko mdogo pembeni, na mafuta ya alizeti lita tatu kutoka kwa Mzee Kiangazi, ambaye anasema ukitetemeka usiseme hukuambiwa. Mungu awalinde mpaka tuonane Januari.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Emilian Alute

Kaka Paschal, shikamoo. Ni mimi Magdalena. Amenisomea barua yote, hakuruka kitu, na pale kwenye kihenge alisimama kidogo nikamwambia endelea. Nimeweka vibanio vyangu viwili kwenye mfuko wa koti, wewe vitumie, mimi vimenitosha. Jana niliianika suti yako hapa Ilongero, kwenye kamba ileile ya upande wa mawe, itoke harufu ya duka. Upepo ulikuwepo, tena mkali. Sikukaa chini yake. Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji, nikapiga hata hadithi na watu bombani. Niliporudi nikaikuta.